Herufi Mbili kwenye Kadi ya Damu

Sijawahi kupenda lugha mpya. Sisemi lugha za watu. Hizo ninazo nne na hakuna hata moja niliyoichagua. Nasema lugha za mashine, zile unazoziandika ili mashine ielewe unataka ifanye nini. Miaka ile ya Zaire nilikuwa naandika programu katika Kampuni ya shaba, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kuielekeza mashine moja, kubwa kama chumba cha kulala, namna ya kuhesabu tani za madini na siku za wafanyakazi. Niliielekeza kwa Kobol. Kobol ni lugha yenye maneno mengi kama mzee wa ukoo anayetoa posa, haifupishi kitu, lakini haikuwahi kunidanganya. Kila baada ya muda alikuja mtu kutoka Ulaya, mkoba mkononi, kutuambia kwamba imezaliwa lugha nyingine itakayomaliza matatizo yetu yote. Nilimsikiliza, nikanywa kahawa aliyoletewa yeye, kisha nikarudi kwenye Kobol yangu. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Nilikuwa na sababu za kuwa mkaidi. Nchi nzima ilikuwa imebadilishwa majina mbele ya macho yangu. Mji ulikuwa na jina la malkia wa Wazungu, ukapewa la mto wake. Nchi ikabadilishwa jina, mto mkubwa ukabadilishwa jina, pesa nayo ikabadilishwa jina. Tulivua tai tukavaa abakosi, koti la serikali lisilovaliwa na tai. Mke wangu, Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, binti wa mfanyakazi wa reli, aliambiwa aliache jina la ubatizo, akaliacha ofisini na kulikuta nyumbani kwa mama yake kila alipokwenda. Mto uliendelea kuteremka kuelekea baharini vilevile. Unga uliendelea kupanda bei. Basi kila niliposikia lugha mpya ya mashine niliuliza swali moja tu: inasema nini ambacho ile ya zamani ilishindwa kukisema?

Aliyekuwa tayari kugombana nami juu ya swali hilo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu katika chuo kikuu kule Kasapa. Alikuwa amesoma Ulaya na alirudi na tabia ya kusoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa samaki. Siku za Jumapili alikuja kwetu Bel-Air, akala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, kisha akaanza. Alisema lugha mpya si jina jipya. Katika lugha mpya, alisema, lazima utangaze kila kitu kabla ya kukitumia, kama mgeni anayebisha hodi, na ukikosea, mashine inakukatalia palepale, kabla kosa halijafanya kazi yake.

"Shemeji, muntu mwenye akili hana haja ya mashine ya kumukatalia," nilimwambia.

"Muntu mwenye akili njo anakosea sana," alijibu. "Mupumbavu anaogopa, anaangalia mara mbili."

Mke wangu alikuwa akitucheka sote wawili. Yeye ndiye aliyezijua programu zangu kuliko mtu yeyote, maana tulikutana Kampuni, yeye akiwa mtoboaji wa kadi. Siku zile programu haikuandikwa kwenye kioo. Niliiandika kwa penseli, kisha wasichana wa kutoboa waliipiga kwenye kadi ngumu, mstari mmoja kadi moja, matundu kwa kila herufi. Waliketi kwa safu wakiwa wamevaa triko nzito za sufu hata mwezi wa kumi, mji mzima ukiungua na jua, kwa sababu mashine haipendi joto na ukumbi wake ulipoozwa mchana na usiku. Yeye alikuwa wa kwanza dirishani. Alinirudishia karatasi zangu kila aliposhindwa kusoma mwandiko wangu, na alirudisha nyingi kuliko zilizohitaji kurudishwa.

Siku moja hospitali iliomba damu kwa wafanyakazi. Tulipanga foleni tukiwa tumekunja mikono ya mashati, tukacheka kwa woga, tukatolewa damu, na baadaye kila mmoja akapewa kadi ndogo ya mtoaji damu ya kuweka mfukoni. Kwenye yangu, chini ya kundi la damu, ziliandikwa herufi mbili: AS. Nilichungulia ya yule msichana wa dirishani. AS.

Sasa, mtu wa mahali pengine angeuliza maana yake. Sisi hatukuuliza, kwa sababu tuliielewa mara moja. Kwa Kifaransa cha kwetu herufi hizo zikisomwa pamoja ni neno, na neno lenyewe kila mtu analijua: ni ile karata yenye alama moja tu, inayozila karata zote. Mchezaji mpira hodari ni as. Dereva anayepita barabara ya Kambove wakati wa mvua bila kukwama ni as. Nilidhani hospitali imeipima damu yetu na kuipa alama, kama shule.

"Mama, angalia," nilimwambia. "Miye niko as, na weye uko as. Tukicheza pamoja, nani atatuweza?"

"As moja inatosha mu nyumba," alisema, lakini aliicheka kadi ile njia nzima mpaka kazini.

Hivyo ndivyo nilivyomposa, kwa kusoma vibaya. Familia zetu hazikufurahi. Kwetu ni Waislamu wa Maniema, baba yangu fundi cherehani. Kwao ni watu wa misa ya asubuhi. Shangazi yangu alisema damu ya huku na damu ya kule hazitapatana hata siku moja. Nilikwenda nyumbani kwake na kadi zote mbili, nikaziweka mezani ubavu kwa ubavu. Nikamwambia, shangazi, wewe unasema tu, lakini hapa wamepima. Alizitazama sana kadi zile, yeye asiyejua kusoma, akaona kwamba michoro ya huku inafanana na michoro ya kule. Akanirudishia kadi zangu. Tukaoana.

Binti yetu alizaliwa mzuri, mwenye macho ya kudadisi. Alipoanza kukaa, mikono yake ilivimba, na miguu, akawa analia kilio ambacho maziwa hayakukituliza. Mama mkwe alikuja kutoka Kambove akasema ni meno. Shangazi yangu alisema ni jicho la mtu. Tulimpeleka kwa huyu na kwa yule, tukampaka hiki na kile, uvimbe ukaondoka ukarudi. Macho yake yakawa na rangi ya manjano. Mwishowe tulifika kwa daktari mmoja mtulivu, mtu wa makamo, aliyemtoa mtoto damu na kutuambia turudi.

Tuliporudi alituuliza kama sisi wazazi tuliwahi kupimwa.

Nilitoa kadi yangu mfukoni. Naona haya kuandika kwamba niliitoa kwa fahari. "Docteur, tulishapima. Shiye bote babili tuko ba-as."

Hakucheka. Aliishika kadi yangu, akaomba ya mke wangu, akazisoma zote mbili kana kwamba zina maandishi mengi. Kisha alivua miwani akasema polepole kwamba hilo si neno. Ni herufi ya A na herufi ya S, kila moja peke yake. A ni damu nzima. S ni damu yenye kasoro. Mwenye A na S anaishi bila kuumwa, huenda asijue kitu mpaka afe mzee. Lakini wawili wa namna hiyo wakizaa, mtoto anaweza kuchukua S ya baba na S ya mama. Mtoto wetu alikuwa SS. Chembe zake za damu zilijikunja kama mundu, zikakwama njiani, na pale zilipokwama palikuwa na maumivu.

Mke wangu aliuliza dawa yake ni ipi. Daktari alisema tumpe maji mengi, tumkinge na baridi, tumlete upesi akipata homa. Alipomaliza kusema hayo tuliendelea kumtazama, tukingoja dawa. Hapakuwa na nyingine.

Niliuliza kasoro yenyewe ni kubwa kiasi gani. Alisema ni ndogo sana. Katika maandishi marefu yanayouambia mwili namna ya kutengeneza damu, herufi moja imekaa mahali pa nyingine. Hiyo tu.

Hakujua anazungumza na nani. Herufi moja! Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa herufi moja. Nimeona orodha za mishahara za kiwanda kizima zikitoka mashineni zikiwa upuuzi mtupu kwa sababu ya nukta iliyosahauliwa. Lakini herufi ile nilikuwa naitafuta, naipata, natoboa kadi nyingine, naitoa mbaya naweka nzuri, na kabla ya saa ya chakula mambo yamenyooka. Niliondoka kwa daktari yule nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Kosa nililijua. Mahali lilipo nilipajua. Na hapakuwa na mlango wa kuingilia.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja, naye alikwisha kusikia. Hakutaka mabishano. Mimi ndiye niliyeanzisha. Nilimuuliza lugha hiyo ya mwili, ile iliyoandikwa na herufi hizo, ina umri gani. Aliniambia ni ya kale kuliko milima. Majani yanaitumia, panya anaitumia, nzi anaitumia, sisi pia. Herufi ni zilezile nne, kanuni ni zilezile.

"Haijabadilishwa?"

"Shemeji, karibu hata kidogo."

"Na ukikosea, hakuna kinachokatalia?"

Alisema kuna kinachosahihisha baadhi ya makosa wakati wa kunakili, lakini kosa likishapita, linanakiliwa vizuri kama maandishi mengine yote, kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, bila kukosea.

Kwa hiyo ilikuwa hapo, lugha niliyoitetea maisha yangu yote: ya zamani, aminifu, isiyojua mtindo. Na kwa mara ya kwanza nilitamani mtu aje na mkoba kutoka popote, aniambie kwamba imezaliwa nyingine.

Mtoto alikua. Nisiseme kana kwamba alikuwa akiumwa kila siku, maana nitamwonea. Alikuwa na miezi ya kucheka na kubishana, mkaidi kama mimi, na alipenda kuchora. Kadi zilizotobolewa vibaya Kampuni zilikuwa zinatupwa, nami nikamletea. Upande mmoja matundu, upande wa pili alichora kuku, nyumba na bomba refu la kiwanda likitoa moshi. Alitaka sana kuiona mashine. Sikumpeleka, kwa sababu ya baridi ya ule ukumbi. Baridi ndiyo iliyokuwa adui yetu. Mwezi wa sita na wa saba, wakati upepo wa usiku unapowalaza watu wa Lubumbashi na makoti, sisi tulikuwa tunamfunika kila kitu tulichokuwa nacho, na bado mifupa ilimuuma.

Alikuwa ameanza shule Jumapili ile shemeji aliposimulia habari za nyota. Nadhani alitaka kutuchangamsha. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba kuna wataalamu wanaojiuliza kama maandishi ya mwili yaliletwa hapa duniani kutoka mbali, na viumbe wa nyota nyingine, na kama viumbe hao hawakuacha ndani yake ujumbe, wakijua kwamba siku moja wenye maandishi watajifunza kusoma. Alisema ni mahali pazuri kuliko pote pa kuficha salamu: jiwe hulika, chuma hupata kutu, lakini mwili hujinakili wenyewe.

Nilimwambia ni upuuzi. Mtu akitaka kunisalimu abishe hodi. Tena, nikasema, hata wakiandika, tutasoma nini? Sisi tulipewa herufi mbili na watu wa mji wetu wenyewe, kwa alfabeti ya shule yetu wenyewe, na tukasoma karata.

Mke wangu aliinuka akaondoa sahani. Shemeji alitazama chini. Ndipo mtoto, ambaye hatukujua kama anasikiliza, akaja akasimama gotini pangu.

"Papa, na miye niko na mesaje mu damu?"

Nilimtazama shemeji kwa macho mabaya. "Uko nayo," nilisema, kwa kuwa sikuona namna ya kusema la.

"Inasema nini?"

"Bado sijaisoma."

"Weye unasomaka kadi za mashine. Utanisomea?"

Nilimwambia nitamsomea. Tangu hapo aliniuliza mara kwa mara, bila kusumbua, kama mtu anayeuliza kama kiatu chake kimetoka kwa fundi. Nami nilimjibu bado, kazi ni nyingi. Nilitaka apone kwanza ndipo nimtungie kitu kizuri. Sikutaka chochote kingine duniani isipokuwa apone.

Lakini alikuwa na masikio. Alikuwa ametusikia mimi na mama yake tukisema neno kosa. Siku moja, ameketi kitandani na rundo la kadi zake, alisema bila kuacha kuchora:

"Kadi za kosa munaniletea miye."

"Ndiyo."

"Na miye niko na kosa. Batanipeleka kwa nani?"

Nilimwambia yeye si kadi. Nilimwambia ale chakula chake. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, na jirani aliyekuwa akifua aliniona nikilia, akaendelea kufua akiwa amenipa mgongo, namshukuru kwa hilo.

Msimu wa baridi uliofuata homa ilimpata, na safari hii iliingia kifuani. Tulimpeleka upesi, kama tulivyoambiwa. Alipewa maji, alipewa damu ya mtu mwingine, mama yake akaketi upande mmoja na mimi upande wa pili. Ilikuwa mchana, jua likipiga dirishani, na jua la mwezi wa saba kwetu linaangaza sana bila kupasha moto. Alifumbua macho akaniuliza kama nimeisoma.

"Nimeisoma," nilisema.

"Inasema nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo kwa muda mrefu. Nilikuwa na habari nzima kichwani, ya nyota na wasafiri, yenye utani ndani yake. Yote ilinipotea. Nilibaki na kitu kimoja tu nikakisema. Nilimtajia jina lake.

"Jina tu?"

"Jina tu."

Alifikiri kidogo. "Mesaje iko fupi," alisema.

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu aliyepima kitu na kuona kipimo chake. Jioni hiyo, kabla taa hazijawashwa, alikufa. Mama yake alikuwa amemshika miguu, akiisugua ipate joto, na aliendelea kuisugua baada ya daktari kuingia na kutoka.

Tulimzika. Mashehe na mapadri hawakugombana juu ya mtoto mdogo. Kila upande ulisoma wake. Wazee wa familia zote mbili, ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya neno lolote, walikubaliana sasa kwamba tuachane, kila mmoja akatafute damu nyingine. Walisema kwa upole, na kwa hesabu hawakukosea. Daktari alikwisha kutuambia kwamba kila mimba ni kuchanganya karata upya. Sisi hatukuachana na hatukuzaa tena. Shemeji aliendelea kuja Jumapili, ila hakuzungumza tena juu ya nyota wala juu ya lugha. Tulizungumza juu ya mpira.

Kwetu, ukishazaa, jina lako linawekwa kando. Hakuna anayekuita jina lako tena. Unaitwa baba wa fulani, na mkeo mama wa fulani, na fulani ni mtoto wenu wa kwanza, awe hai au marehemu. Baada ya mazishi majirani waliona aibu. Walituita mukubwa, mama, jirani, neno lolote lisilokuwa na mtoto ndani yake. Mke wangu peke yake hakubadilisha. Kila asubuhi aliniita baba wa mtoto wetu, kwa jina lake zima, kuniamsha, kuniambia maji yamechemka, kuniuliza funguo ziko wapi. Nami nilimwita mama wa mtoto wetu. Jina lile lilitamkwa ndani ya nyumba yetu zaidi kuliko wakati mwenyewe alipokuwa akilibeba. Miaka ilipita namna hiyo, na kila asubuhi nilikuwa nangoja kuitwa hivyo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akaniita jina langu. Lile la ujana, ambalo hata yeye hakulitumia tangu mimba. Nilidhani nimekosea kusikia.

"Umeniitaje?"

Aliweka chai mezani. "Kila siku nikikuita, na yeye namuitaka," alisema. "Weye unaitika. Yeye haitikake. Nimechoka."

Alirudia jina langu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kuvaa nguo ya zamani, kisha akaningoja, na niliona kwamba hatasogea pale mezani mpaka nitakapoitika. Nikaitika.